Mama ana AF na ameandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda: jinsi ya kupima faida na hatari, hatua kwa hatua

Mama yangu aligundulika ana AF (ugonjwa wa moyo kupiga bila mpangilio) akiwa na miaka 74, hapa Tanga, siku ambayo tulimpeleka kwa ajili ya presha tu. Nesi akamshika mkono ahesabu mapigo, akasita, akaanza upya, halafu akamwita mwenzake. Na mimi nikaweka vidole pale alipoweka yeye, nikasikia mapigo mawili ya haraka, kimya, moja, kimya kirefu, halafu matatu yamefuatana, yaani hayana mpangilio wowote. Wakampima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikathibitisha. Jioni tukarudi nyumbani na boksi la vidonge, mjomba akalisoma akasema "hii familia yake si ndio ile sumu ya panya? mtaniulia dada yangu nyie". Mama akaliweka boksi juu ya kabati na likakaa wiki 3 nzima halijafunguliwa.

Hizo wiki 3 zinaniuma mpaka leo. Hakupata kiharusi, alhamdulillah, ila ilikuwa salama ya Mungu tu, hakuna akili yoyote tuliyotumia. Hakuna aliyetukalisha chini akatuambia hatari ya huku ni kiasi gani na hatari ya kule ni kiasi gani. Sasa hivi nina miaka 4 ya kumpeleka kliniki, nimeuliza maswali mpaka madaktari wamenizoea, nimesoma nilichoweza, na naandika kile ambacho ningependa mtu angeniambia siku ile. Mimi sio daktari, usianze wala kuacha dawa kwa maneno yangu, ila nenda kwa daktari wako ukiwa umeshajua cha kuuliza.

HATUA YA 1: Jua kwanza dawa inazuia nini

Kwenye AF vyumba viwili vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza vizuri. Damu inatuama, hasa kwenye kifuko kidogo kilichopo ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto, na damu ikituama inaganda. Bonge likichomoka pale linasukumwa na mkondo wa damu, na mara nyingi linaishia kwenye ubongo, hicho ndio kiharusi. Mwenye AF hatari yake ya kiharusi ni kama mara 5 ya mtu wa umri wake asiye na AF, na viharusi vinavyotokana na AF mara nyingi vinakuwa vikubwa kwa sababu bonge lenyewe linakuwa kubwa.

Hapa watu wengi wanateleza: hii dawa haitibu AF. Haishushi mapigo, haiondoi kizunguzungu, hutasikia nafuu yoyote ukimeza, mwezi wa pili mtu anasema "mbona haifanyi kazi" anaacha. Kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisipotokea huwezi kuliona. Halafu lile jina la mtaani, dawa ya kuyeyusha damu, linapotosha kidogo, damu haiyeyuki wala haiwi nyepesi kama maji, inachelewa kuganda tu.

Na kuhusu sumu ya panya, mjomba hakuwa anatunga. Wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Marekani na Canada waliokuwa wanakufa kwa kutoka damu miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyooza, ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kama dawa ya binadamu. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya shambulio la moyo. Kitu ni kilekile ila dozi ni tofauti, na binadamu anapimwa damu yake, panya hapimwi. Vile vidonge vya mama vilikuwa apiksabani, hiyo haijawahi kuwa sumu ya panya kabisa, ni dawa nyingine inayofanya kazi kwa njia nyingine, lakini hofu ya wafarini imezifuata zote.

HATUA YA 2: Uliza kuhusu valvu kabla ya kuhesabu chochote

Hii hatua ukisoma maandiko ya Ulaya inapita haraka sana, kwetu sisi ndio ya kwanza. Uliza: "daktari, echo (picha ya moyo) inasemaje kuhusu valvu?" Kwa sababu huku kwetu wapo wagonjwa wengi wa AF ambao sio wazee, ni vijana na akina mama wa miaka 30 na 40 ambao utotoni waliugua koo likafuatiwa na homa ya rumatiki, ikaharibu valvu ya moyo, ile iliyopo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ikabana.

Kama valvu hiyo imebana kwa kiwango cha kati au kikubwa, au mtu amewekewa valvu ya chuma, basi zile alama za Hatua ya 3 hazimhusu, anahitaji dawa moja kwa moja na dawa yenyewe ni wafarini. Wengi walidhani dawa mpya (apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani) zingewafaa zaidi kwa sababu hazina usumbufu wa kupima, lakini utafiti wa INVICTUS uliotoka 2022, ambao ulifanyika kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa valvu za chuma dabigatrani ilijaribiwa, utafiti ukasimamishwa, matokeo yakatoka 2013, wagonjwa walipata mabonge zaidi na kutoka damu zaidi. Kwahiyo mtu akikuambia "wafarini ni ya kizamani, badilisha" muulize kwanza kama ameiona echo yako.

Na dada zangu mnaotumia hizi dawa mkiwa bado mnazaa, tafadhali sana, mwambie daktari KABLA ya kubeba mimba. Wafarini inaweza kudhuru mtoto hasa wiki ya 6 mpaka ya 12, wakati ambapo wengine ndio kwanza wanagundua ni wajawazito, na zile mpya nazo hazishauriwi kwenye mimba. Kuna sindano za heparini, kuna mipango, ila inapangwa mapema. Ukijikuta umeshika mimba usikae nyumbani unajiuliza, na usiiache mwenyewe kimyakimya, hasa mwenye valvu ya chuma, nenda siku hiyohiyo.

HATUA YA 3: Hesabu alama za kiharusi

Kwa asiye na tatizo hilo la valvu, chukua kalamu. Moyo ulioshindwa kusukuma vizuri, alama 1. Presha, alama 1, hata kama imeshuka kwa dawa. Kisukari, 1. Ugonjwa wa mishipa, mfano alishapata shambulio la moyo au mishipa ya miguu imeziba, 1. Umri wa miaka 65 mpaka 74, alama 1, na kuanzia 75 ni alama 2. Aliyewahi kupata kiharusi, hata kile kidogo cha kupooza dakika chache kikaachia, alama 2.

Zamani mwanamke alikuwa anaongezewa 1 kwa kuwa mwanamke, mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeiondoa hiyo, ila madaktari wengi bado wanahesabu kwa njia ya zamani, kwahiyo ukisikia namba mbili tofauti usichanganyikiwe. Kwa hesabu mpya, 2 na kuendelea dawa inashauriwa wazi, 1 ni ya kukaa mkajadiliana, 0 kwa kawaida haihitajiki. Mama alikuwa na presha, kisukari na umri wa miaka 74: alama 3, kwa hesabu ya zamani 4.

HATUA YA 4: Geuza alama ziwe watu

Alama 3 haimwambii mtu kitu. Kilichobadilisha mawazo ya mama ni choroko. Nilihesabu punje 100 nikazimwaga kwenye ungo mbele yake, nikamwambia mama hawa ni wanawake 100 kama wewe, umri huu, presha hii, sukari hii, AF hii, na hakuna anayemeza dawa. Nikatenga 5 pembeni. Hawa wanapata kiharusi ndani ya mwaka 1 (ndio kiwango kilichoonekana kwenye takwimu kubwa za Sweden kwa watu wa alama zake). Halafu nikasema, sasa wote wanameza dawa vizuri, dawa inapunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili, nikarudisha punje 3 kwenye ungo. Zikabaki 2.

Akaangalia, akasema "tatu tu?" Nikamwambia tatu kwa mwaka mama, na mwaka ujao tena tatu. Kwa miaka 5 ni kama 15. Akanyamaza.

Halafu upande wa pili, na huu usiufiche hata kidogo, maana mgonjwa akija kutoka damu na hukumwambia hatakuamini tena. Kwenye utafiti mkubwa wa apiksabani wa 2011, wagonjwa zaidi ya 18,000, waliotoka damu kwa kiwango kikubwa, yaani mfano ya kuongezewa damu, walikuwa kama 2 kati ya 100 kwa mwaka kwa apiksabani na kama 3 kwa wafarini. Kumbuka lakini kwamba wazee wa umri huu wanatoka damu hata bila hizi dawa, wale waliokuwa kwenye aspirini tu kwenye utafiti mwingine walikuwa zaidi kidogo ya 1 kati ya 100. Kwahiyo nyongeza inayoletwa na dawa yenyewe ni kama punje 1, wakati mwingine haifiki.

Sasa, punje 3 kwa 1, lakini sio hesabu tu ya 3 kwa 1, kwa sababu punje hazifanani. Damu nyingi zinazotoka ni za tumboni, puani, kwenye njia ya mkojo, zinatisha na zinaweza kuua, ila wengi wanatibiwa wanarudi nyumbani kama walivyokuwa. Kiharusi wengi hakiwaachi kama walivyokuwa. Ile ya kuogopwa kweli ni damu kuvuja ndani ya kichwa, na kwa apiksabani ilikuwa kama mtu 1 kati ya 300 kwa mwaka, chini ya nusu ya wafarini.

Na hapo namba zinaisha kazi, anabaki mwenye mwili. Mama alisema "dada yangu alilala kitandani miaka 6 nikimgeuza mimi, hawezi hata kusema anataka maji. Mimi nipe hiyo dawa, damu ikitoka mtanipeleka hospitali." Mwingine aliyewahi kutapika damu akakaribia kufa anaweza kusema tofauti, na ana haki. Muulize mgonjwa mwenyewe, usiulizane na ndugu zako kwenye kundi la WhatsApp halafu mkamletea jibu.

HATUA YA 5: Tafuta kinachoweza kurekebishwa upande wa damu

Madaktari wana alama nyingine za hatari ya kutoka damu. Watu wanazielewa vibaya, wanaona alama 3 wanasema basi huyu asipewe dawa. Sivyo. Hizo alama ni orodha ya vitu vya kurekebisha ili dawa iwe salama. Presha ya juu zaidi ya 160, ishushe, na ukiishusha unapunguza kiharusi na kuvuja damu kwa mpigo mmoja, hakuna kitu kingine kinacholipa hivyo. Pombe, punguza au acha. Vidonda vya tumbo, vitibiwe na apimwe bakteria wa tumbo. Figo na ini, zipimwe kabla ya kuanza, na figo zirudiwe angalau mara 1 kwa mwaka, kwa wazee mara nyingi zaidi, maana dozi inategemea figo. Damu pungufu isiyoeleweka, itafutwe sababu yake kwanza.

Na dawa za maumivu! Diklofenaki, ibuprofeni, hizi zinazouzwa dukani kama pipi. Mama alikuwa anachomwa sindano ya diklofenaki ya makalio kila goti likimsumbua, hakuna aliyetuambia, na sindano ya msuli yenyewe kwa mtu wa dawa hizi inaweza kuacha donge la damu ndani ya nyama. Tumebaki na parasetamo, ila kwa anayetumia wafarini hata parasetamo ikiwa ya dozi kubwa siku nyingi mfululizo inapandisha INR (kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani), aseme kliniki.

Kuhusu kuanguka: "mzee anaanguka anguka, akipewa ataumia kichwa". Watafiti wa Canada walipiga hesabu hii mwaka 1999 wakakuta mzee wa AF angetakiwa aanguke karibu mara 300 kwa mwaka ndio hatari ya kuvuja kichwani ishinde faida ya wafarini. Ni hesabu ya makadirio, usiishike kama msahafu, lakini inakuonyesha ukubwa wa jambo. Toa mikeka inayoteleza, weka taa ya chooni, kagua macho.

HATUA YA 6: Usikubali aspirini kama njia ya kati

Wengi wanapewa "aspirini ya watoto" kwa sababu dawa yenyewe inatisha au ni ghali. Kwenye AF aspirini inapunguza kiharusi kidogo sana, kama moja ya tano, na damu inatoka vilevile. Utafiti wa 2011 uliweka apiksabani na aspirini uso kwa uso kwa watu walioonekana hawafai wafarini, apiksabani ikapunguza viharusi zaidi ya nusu, na kutoka damu kukubwa hakukutofautiana sana. Aspirini ina kazi yake kwa mwenye stenti (kibomba cha kufungua mshipa wa moyo) au shambulio la moyo, sio kama mbadala hapa. Na kama mtu anameza zote mbili, uliza kwanini na mpaka lini, kwa sababu hatari ya damu inapanda sana.

HATUA YA 7: Chagua dawa ambayo utaweza kuishi nayo

Wafarini ni bei nafuu na vituo vingi wanayo, na hata figo zikiwa mbovu bado inatumika. Inataka kupima INR, lengo ni kati ya 2 na 3. Chini ya 2 hujalindwa vizuri, juu ya 4 hatari ya damu inapanda. Mwanzo unapima mara kwa mara, ikitulia kama mara 1 kwa mwezi. Jiulize kwa ukweli: nauli ipo? Mashine kliniki ipo na vitendanishi vipo? Maana wafarini bila INR ni kuendesha gari usiku bila taa. Andika kila namba kwenye daftari, na kama namba nyingi ziko nje ya 2 mpaka 3, hiyo ni sababu nzuri ya kuomba kubadilishiwa.

Kwenye chakula sio kwamba mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki ni haramu, hizi mboga zina vitamini K inayovuta kinyume na dawa, kwahiyo kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Kinacholeta shida ni wiki hii mboga kila siku wiki ijayo hakuna. Vidonge soma namba ya miligramu, usiende kwa rangi, maana kiwanda kikibadilika rangi inaweza kubadilika.

Dawa mpya (apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani, edoksabani) hazitaki INR wala habari ya mboga, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2019. Udhaifu wake ni bei, na kwamba zinaisha mwilini ndani ya siku 1 au 2. Ukiruka, kinga imeondoka. Mtu anayejua kabisa kwamba mwezi utafika tarehe 20 hana hela ya kununua, aseme mapema, wafarini ya kila siku ni bora kuliko apiksabani ya nusu mwezi.

Tena nakuomba usigawe kidonge mara mbili ili kisogee. Dozi ndogo ya apiksabani, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku badala ya 5, ni ya mtu mwenye mambo mawili kati ya haya matatu: miaka 80 na zaidi, kilo 60 kushuka chini, kreatinini (kipimo cha figo) 133 au zaidi (1.5 kwa kipimo kingine). Kuna wazee wanapewa ndogo "kwa sababu ni mzee tu", wanabaki na kinga pungufu. Mama alikuwa hivyo miezi 5, mpaka nilipouliza.

Rivaroksabani 20 au 15 inamezwa na chakula, tumbo tupu haiingii vizuri mwilini. Dabigatrani usifungue kapsuli yake wala usiitoe kwenye pakiti mapema.

Ramadhani ilitusumbua mwaka wa kwanza. Apiksabani ni mara mbili kwa siku, kwahiyo tulimuuliza daktari kabla ya mwezi kuandama, akapima figo kwanza, akasema mama anywe moja wakati wa futari na moja wakati wa daku, Tanga hiyo ni kama saa 12 na nusu jioni na saa 10 na nusu alfajiri, na maji ya kutosha katikati. Wako anaweza kuambiwa asifunge, muulize wake.

HATUA YA 8: Kila dawa mpya inayoingia nyumbani, itaje

Flagyl, Septrin na flukonazo zinapandisha INR, kozi ya siku 5 inatosha kumtoa mtu damu. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaua nguvu ya wafarini na zile mpya zote. Dawa za kifafa, karbamazepini na fenitoini, nazo hivyohivyo. Baadhi ya ARV zinagongana, hasa zenye ritonaviri. Miti shamba na unga wa virutubisho, onyesha chupa yenyewe kliniki, hata kama unaona aibu.

Kung'oa jino au upasuaji: usiache dawa mwenyewe na usikubali fundi meno akuambie "acha wiki". Jino moja mara nyingi linang'olewa bila kuacha au kwa kuruka dozi chache, daktari wa moyo na wa meno waongee.

HATUA YA 9: Jua lini ni kukimbia

Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokata baada ya dakika 15 za kubana, kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida yake, au amegonga kichwa hata kama anaongea vizuri: hospitali, na ubebe boksi la dawa. Michubuko midogo mikononi na fizi kutoka damu kidogo wakati wa mswaki ni ya kuripoti kliniki, usiache dawa kwa hiyo. Uso kupinda upande mmoja, mkono kudondoka, maneno kukorogeka: hicho ni kiharusi, angalia saa uandike muda, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge inapewa ndani ya saa 4 na nusu pale ilipo, na daktari atauliza mambo mawili, ilianza saa ngapi na kidonge cha mwisho kilimezwa saa ngapi.

Ndio maana kwenye pochi ya mama, nyuma ya kitambulisho, kuna karatasi niliyoipiga laminesheni: jina la dawa, miligramu, saa za kumeza, kreatinini ya mwisho na tarehe yake, namba yangu ya simu. Kila akibadilishiwa dozi naandika nyingine, ya zamani naichana.